Shilingi Mia kwa Mwezi: Historia ya Kukadiria Matunzo ya Mtoto wa Wazazi Waliotengana

1. Utangulizi

Wazazi wanapotengana, maswali mengi huletwa mbele ya mchungaji na wazee wa usharika. Mengi kati ya hayo hutafutiwa jibu kwa maneno: nani alikosa, nani aombe radhi, watoto wakae na nani. Lakini liko swali moja ambalo jibu lake ni tarakimu, nalo ni hili: kitolewe kiasi gani kila mwezi kwa ajili ya mtoto, na nani akitoe? Mara nyingi swali hili huachwa hadi mwisho wa kikao, watu wakiwa wamekwisha kuchoka, na hufungwa kwa ahadi ya jumla kwamba baba "atamsaidia mtoto". Miezi sita baadaye mama hurudi, na wazee hawana andiko lolote la kumwonyesha baba.

Katika makala hii tunakusudia kuifuata njia ambayo swali hilo limepita katika sheria zilizoitawala nchi yetu. Tutaanza na mila, tupitie sheria iliyotoka Uingereza, kisha tufike kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tunaloshikilia ni hili: katika kila kipindi, kiasi kilichowekwa kilitokana na swali lililotangulia kuulizwa. Walioanza kwa kuuliza mtoto ni wa nani walipata malipo ya mara moja. Walioanza kwa kuuliza nani aepushwe na mzigo walipata ukomo. Walioanza kwa kuuliza baba ana uwezo na hadhi gani walipata matunzo yanayomfuata baba. Ni katika miaka ya karibuni tu sheria imeanza kuuliza mtoto anahitaji nini mahali anapoishi. Mtumishi asiyeijua historia hii anaweza kuirudia hesabu ya kale pasipo kukusudia.

2. Mtoto ni wa nani? Hesabu ya mila

Yafaa tukumbuke kwamba malipo ya kila mwezi ni jambo la jamii yenye mishahara. Katika jamii iliyoishi kwa shamba na mifugo, mtoto hakulishwa kwa fedha. Alilishwa na ghala, na ghala lilikuwa la ukoo. Kwa hiyo wazazi walipoachana, wazee hawakukaa kukadiria gharama. Walikaa kuamua mtoto ni wa ukoo upi. Jibu la swali hilo lilikuwa pia jibu la nani amlishe.

Katika makabila yanayofuata ukoo wa baba, mahari ndiyo iliyoamua. Mahari ikiwa imelipwa, watoto walikuwa wa ukoo wa baba. Mdogo aliyekuwa bado ananyonya alikaa na mama, kisha akarudishwa. Katika makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama Waluguru, Wamakonde na Wamakua, mtoto alibaki katika ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu yake. Katika jamii za Kiislamu za pwani hali ilikuwa tofauti kidogo, kwa maana sheria ya dini ilitambua matumizi ya mtoto kuwa wajibu wa baba kwa kadiri ya uwezo wake, na kadhi aliweza kuyakadiria. Hata hivyo wajibu huo ulisimama juu ya nasaba, na nasaba ilisimama juu ya ndoa. Waswahili wanasema kitanda hakizai haramu, na kwa methali hiyo wameieleza sheria nzima kwa maneno matatu: aliyezaliwa katika kitanda cha ndoa ana baba, na mwenye baba ana mlishaji. Swali gumu lilimhusu yule aliyezaliwa nje ya kitanda hicho.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilitangaza kanuni za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Zilitangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 279 na Tangazo Na. 436 la mwaka huo, nazo zilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni. Humo tunakuta kanuni mbili zinazohusu mada yetu. Ya kwanza ilimpa mwanamke asiyeolewa haki ya kumtaja baba wa mtoto wake, na mwanamume aliyetajwa hakuweza kukana isipokuwa athibitishe kwamba hakuwa na uhusiano wa kimwili na mwanamke huyo. Ya pili ilimruhusu baba asiyemwoa mama kumhalalisha mtoto wakati wa kuachishwa ziwa, kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100.

Tuitazame shilingi 100 hii kwa makini. Haikukadiriwa kwa uji, nguo wala dawa za mtoto, wala haikutolewa kwa mama aliyemlea. Ilitolewa mara moja, kwa babu, na iliamua mtoto ni wa nani. Hatusemi kwamba ilikuwa dhuluma mahali ambapo ukoo wa baba ulimpokea mtoto na kumlisha kweli. Lakini pale ukoo ulipokuwa umetawanyika mijini na mashambani kwa wageni, malipo hayo yalihamisha jina la mtoto bila kuhamisha chakula chake.

3. Mzigo usiangukie parokia: urithi kutoka Uingereza

Pamoja na mila, nchi yetu ilirithi hesabu nyingine, nayo ilizaliwa mbali. Mwaka 1576, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge la Uingereza liliwapa mahakimu wa amani uwezo wa kumwamuru mama na mwanamume aliyetajwa kuwa baba wa mtoto wa nje ya ndoa kulipa kila juma kwa ajili ya mtoto huyo. Wakati ule maskini walitunzwa na parokia walikozaliwa au walikokaa, kwa kodi iliyotozwa wenyeji. Mtoto asiye na baba alikuwa gharama kwa walipa kodi wa parokia. Sheria ilitungwa ili kuiepusha parokia na gharama hiyo, na sheria hiyohiyo iliruhusu wazazi waadhibiwe.

Roho ya sheria hii ilidumu kwa karne tatu. Mwaka 1834, Sheria ya Maskini ilipofanyiwa marekebisho makubwa, mzigo ulisukumwa kwa mama: ushahidi wake peke yake haukutosha, na dai dhidi ya baba lilifunguliwa na wasimamizi wa maskini, si na yeye. Mwaka 1844 mama alipewa haki ya kudai mwenyewe, lakini kwa ukomo wa shilingi 2 na peni 6 kwa juma baada ya majuma 6 ya kwanza. Mwaka 1872 ukomo ulipandishwa kuwa shilingi 5, mwaka 1918 shilingi 10, na mwaka 1923 shilingi 20. Uliendelea kupandishwa hadi ulipofutwa kabisa mwaka 1968.

Msomaji ataona mambo mawili. Kwanza, ukomo ni kinga kwa mlipaji: hakimu akiwa mbele ya tajiri na mtoto mgonjwa, hakuweza kuuvuka. Pili, kila ukomo wa fedha huanza kuzeeka siku unapoandikwa. Waingereza walilazimika kurudi bungeni mara kwa mara kuupandisha, mpaka wakachoka na kuuondoa. Swali ni kwamba ingekuwaje mahali ambapo hakuna aliyerudi bungeni? Jibu la swali hilo liliandikwa katika nchi yetu.

4. Sheria ya mwaka 1949 na kuzeeka kwa shilingi

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kumtambua baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na kumdai matunzo, iliyojulikana baadaye kama Sura ya 278 ya Sheria. Ilifuata kwa karibu mfano wa Kiingereza. Mama alitakiwa afungue dai kabla ya kujifungua au ndani ya miezi 12 baada ya kujifungua, isipokuwa kama mwanamume alikuwa amekwisha kutoa fedha za mtoto ndani ya muda huo. Ushahidi wake ulitakiwa uungwe mkono na ushahidi mwingine. Na kiasi ambacho mahakama iliweza kuamuru kilikuwa na ukomo. Ukomo tunaoukuta katika sheria hiyo kwa miaka mingi ya uhuru ni shilingi 100 kwa mwezi.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru kiasi hicho hakikuwa cha kudharauliwa. Kima cha chini cha mshahara mjini Dar es Salaam kuanzia mwaka 1963 kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi. Kwa hiyo shilingi 100 zilikuwa theluthi mbili za mshahara wa kibarua. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, shilingi 20 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza, na shilingi 100 zilikuwa sawa na takriban dola 14 za Marekani. Kwa baba wa kipato cha chini, ukomo ule ulikuwa mzito. Kwa mfanyabiashara au afisa, ulikuwa nafuu kubwa. Tangu mwanzo, basi, sheria ilimlinda zaidi yule aliyehitaji ulinzi kidogo.

Kisha shilingi ikaanza kuanguka. Bei za mafuta zilipanda katika miaka ya 1970, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula hazina, na katikati ya miaka ya 1980 mfumuko wa bei ulikuwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Mwaka 1986 serikali ilishusha thamani ya shilingi kutoka takriban 17 kwa dola hadi 40, na kuporomoka kukaendelea. Mishahara ilipandishwa, bei zilipandishwa, nauli zilipandishwa, lakini ukomo wa matunzo ulikaa palepale. Ilipofika mwaka 2009 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,300. Shilingi 100 zilikuwa na thamani ya chini ya senti 10 za dola, na mama aliyekwenda mahakamani kudai matunzo ya mwezi mzima angeweza kutumia kiasi kikubwa kuliko hicho kwa nauli ya daladala ya kwenda tu.

Hakuna aliyepitisha azimio kwamba watoto hawa waachwe bila matunzo. Jambo hilo lilitendeka kwa kunyamaza. Mfumuko wa bei ulifanya kazi ambayo bunge lolote lingeona aibu kuifanya waziwazi. Na kwa kuwa sheria ilibaki vitabuni, ilionekana kana kwamba mtoto ana haki, hali haki yenyewe ilikwisha kuliwa. Hili ndilo somo kubwa la sura hii: kiasi kisicho na njia ya kuangaliwa upya si kiasi cha kudumu, bali ni kiasi kinachopungua kila mwaka.

5. Njia ya jirani

Ili tusidhani kwamba kufuta sheria mbaya ni dawa ya kutosha, tutupe jicho Kenya. Huko sheria ya namna hii ilitungwa mwaka 1959, nayo ikafutwa mwaka 1969. Haikuwekwa nyingine mahali pake. Matokeo yake, kwa miaka zaidi ya 30, mama ambaye hakuolewa alibaki na mtoto bila njia mahususi ya kumdai baba. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilirudisha wajibu huo kwa sehemu tu, kwa maana baba asiyemwoa mama alibanwa iwapo alimkubali mtoto au alikwisha kumtunza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, ndiyo iliyotamka kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria mpya ya Watoto ikafuata mwaka 2022.

Kwa hiyo nchi mbili jirani zilimwacha mtoto yuleyule kwa njia mbili tofauti: moja kwa kuifuta sheria, nyingine kwa kuiacha iozee kitabuni.

6. Uwezo na hadhi ya baba: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971

Kwa watoto waliozaliwa katika ndoa, Bunge la Tanzania lilifuata njia bora zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikutaja tarakimu. Katika kifungu cha 129 ilimwekea baba wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe kwake au kwa mtu mwingine, kwa kuwapa makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kiasi kinachofaa kwa kuzingatia uwezo na hadhi yake, au kwa kulipia gharama za mambo hayo. Mama aliwekewa wajibu huo pale baba anapokuwa amefariki, hajulikani alipo, au hana uwezo. Mahakama ilipewa uwezo wa kutoa amri ya matunzo na wa kuibadili hali inapobadilika.

Uzuri wa kifungu hiki ni kwamba hakizeeki kama shilingi. Hadhi na uwezo hupimwa upya katika kila shauri. Lakini kina udhaifu wake pia. Kipimo chake cha kwanza ni baba. Hakimu anayeanza na hadhi ya baba huuliza: mtu kama huyu hutoa kiasi gani kwa kawaida? Na baba asiye na hati ya mshahara, mwenye duka, shamba au mashua, huweza kujieleza kuwa maskini kwa nusu saa na hadhi yake ikashuka mbele ya macho ya mahakama. Aidha, kwa kuwa sheria hii ilihusu ndoa, mtoto wa nje aliachwa chini ya ukomo wa shilingi 100. Ndugu wawili wa baba mmoja waliweza kupimwa kwa mizani mbili.

Jambo jingine katika sheria hii latuhusu kwa karibu. Iliagiza kwamba shauri la talaka, isipokuwa katika hali maalumu, lipitie kwanza katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na ilimruhusu Waziri kuteua baraza lililoundwa na jumuiya fulani kwa ajili ya watu wake. Ndiyo sababu mabaraza ya dini yamo katika mfumo wa sheria ya nchi. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati inayoeleza lilichokiona, na laweza kuambatisha mapendekezo yake. Mapendekezo hayo si amri; amri hutolewa na mahakama. Hata hivyo hapo pana nafasi ambayo mara nyingi huachwa wazi: hati huja na maelezo marefu ya ugomvi wa wazazi, na mtoto hapewi hata mstari mmoja wenye tarakimu.

7. Mtoto anahitaji nini? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Tume ya Kurekebisha Sheria ilitoa taarifa yake kuhusu sheria za watoto mwaka 1994. Miaka 15 ilipita kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara. Sheria hiyo iliifuta ile ya mwaka 1949 pamoja na ukomo wake. Zanzibar ilitunga sheria yake ya watoto mwaka 2011.

Chini ya sheria ya 2009, mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto mahitaji ya afya, uhai, elimu na makazi yanayofaa. Kifungu cha 44 kinaitaka mahakama, inapotoa amri ya matunzo, izingatie mambo matano: kipato na mali ya wazazi wote wawili au ya mtu anayewajibika kisheria, upungufu wowote wa uwezo wa kujipatia kipato alio nao mwenye wajibu, wajibu wake wa kifedha kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto chini ya sheria hiyo.

Tulinganishe orodha hii na yote yaliyotangulia. Ndoa haimo kama kipimo. Hadhi ya baba haimo peke yake. Kipato cha mama kimewekwa mezani pamoja na cha baba. Watoto wengine hawakusahauliwa, maana mtoto wa nyumba moja asishibe kwa njaa ya mwenzake. Na kwa mara ya kwanza mahali anapoishi mtoto pamekuwa sehemu ya hesabu: mtoto wa Kariakoo na mtoto wa kijijini Makete hawali kwa bei moja.

8. Majedwali ya wengine

Huenda msomaji akauliza: kwa nini sheria isitoe jedwali, kila hakimu na kila mchungaji akasoma jibu? Nchi nyingine zimefanya hivyo. Nchini Ujerumani, tangu mwaka 1962, mahakama zimetumia jedwali lililoanzia Düsseldorf, ambalo hupanga matunzo kwa kipato halisi cha mlipaji na umri wa mtoto. Si sheria iliyotungwa na bunge, bali ni mwongozo wa mahakimu. Nguvu yake kubwa ni kwamba huangaliwa upya mara kwa mara, ili lisiachwe nyuma na bei. Uingereza nayo, iliyokuwa imeufuta ukomo wake wa kale, ilipitisha sheria mwaka 1991 na kuanzisha mwaka 1993 wakala maalumu wenye kanuni ndefu ya hesabu. Kanuni ile iliwashinda hata waliopewa kazi ya kuitumia. Ilipofika mwaka 2003 ilianza kuachwa kwa ajili ya asilimia nyepesi: 15 ya kipato halisi kwa mtoto mmoja, 20 kwa wawili, 25 kwa watatu au zaidi.

Majedwali haya yana faida ya kuwatendea sawa watu walio sawa. Lakini yanasimama juu ya nguzo moja: kipato kinachojulikana. Asilimia 15 ya kitu kisichojulikana haijulikani. Katika nchi ambamo wazazi wengi ni wakulima, wavuvi, mafundi na wachuuzi, fedha huja kwa msimu na haina hati. Kwa hiyo kwetu njia iliyo wazi zaidi ni kuanza upande wa pili, yaani upande wa gharama za mtoto, ambazo kila mama sokoni anazijua, kisha kuzigawanya kwa wazazi kwa kadiri ya uwezo wao.

9. Hesabu mezani

Tutoe mfano wa kubuni, si ili tarakimu zake zifuatwe, bali ili njia yake ionekane. Mtoto wa miaka 8 anaishi na mama yake. Chakula chake kwa mwezi ni shilingi 60,000. Sehemu yake katika kodi ya nyumba ni 15,000. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na madaftari kwa mwaka ni 120,000, yaani 10,000 kwa mwezi. Mavazi ya nyumbani kwa mwaka ni 60,000, yaani 5,000 kwa mwezi. Matibabu yanatengewa 5,000, na sabuni, mafuta na mengineyo 5,000. Jumla ni shilingi 100,000 kwa mwezi.

Baba ni mkulima wa kahawa mwenye duka dogo. Mapato yake ya mwaka yakigawanywa kwa 12 ni 300,000 kwa mwezi. Mama anauza mboga na hupata 100,000. Uwezo wao ni kama tatu kwa moja. Basi sehemu ya baba ni 75,000 na ya mama ni 25,000. Baba akiwa na mtoto mwingine wa kulisha, sehemu yake inaweza kupunguzwa kwa sababu inayotajwa, si kwa kubembelezwa. Kwa upande wa mama, yafaa ikumbukwe kwamba kazi yake ya kumpikia, kumfulia na kumkesha mtoto haikuhesabiwa hapa hata senti moja, ingawa ni mchango.

Kisha tuangalie msimu. Baba hana 75,000 kila mwezi, lakini kwa mwaka anapaswa kutoa 900,000. Anaweza kutoa 40,000 kila mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka, na 420,000 zilizobaki azitoe kahawa inapolipwa. Makubaliano yaandikwe kiasi, tarehe, njia ya kulipa, na siku ya kuyaangalia upya, walau mara moja kwa mwaka. Wazazi watie sahihi mbele ya mashahidi. Na ikiwa upande mmoja unakana uzazi, unaficha kipato au una historia ya ukatili, jambo hilo si la kusuluhishwa mezani kwetu: lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii na mahakamani, ambako baba anaweza kuamriwa kupimwa na amri inaweza kutekelezwa kwa nguvu ya sheria.

10. Hitimisho

Tumeona shilingi 100 mbili katika historia yetu. Moja ilimnunulia mtoto jina, nyingine ilimwekea ukomo wa chakula. Zote mbili ziliandikwa na watu waliojiona wametenda haki, na zote mbili zilikadiriwa bila kumwangalia mtoto. Sheria ya mwaka 2009 imeigeuza hesabu, lakini sheria haiketi katika vikao vya wazee wa usharika. Wanaoketi humo ni sisi. Tukiendelea kufunga kikao kwa neno "atamsaidia", tutakuwa tumeandika ukomo mwingine, tena ulio chini kuliko ule wa wakoloni, kwa kuwa ahadi isiyo na tarakimu huweza kutimizwa kwa kutoa sifuri.

Tunawasihi wanafunzi wanaojiandaa kwa utumishi wajifunze hesabu hii ndogo kama wanavyojifunza liturgia ya ndoa. Anayefungisha ndoa hawezi kusema kwamba gharama za watoto wa ndoa iliyovunjika hazimhusu. Kalamu, karatasi na bei za sokoni za juma lile vyatosha kuanza; kisha aulizwe mama mtoto amekula nini, na aulizwe baba kahawa italipwa lini.